Mapenzi ya Mambo Madogo: Msanii, Mnyama na Mhakiki katika Kisii na Nyamira

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wetu wa Kiswahili umeyapita kwa haraka ni hili: je, vitu anavyovipenda msanii siku hadi siku, visivyokuwa kazi yake wala imani yake, vinamhusu mhakiki? Hatukusudii hapa mapenzi ya mtu na mwenziwe, ambayo ushairi wa Kiswahili umeyashughulikia kwa karne kadhaa. Tunakusudia mapenzi madogo: timu ya kandanda, filamu ya kupigana, wimbo wa msimu, paka wa nyumbani, ndama aliyezaliwa usiku. Zamani mambo haya yalijulikana kwa majirani na kwa wateja wachache waliopita barazani. Siku hizi msanii huyaonyesha kwa simu yake mbele ya maelfu ya watu, yakiwa yamechanganyika na kazi zake katika mfululizo mmoja, hata anayetaka kuiona sanamu mpya hulazimika kwanza kupitia picha ya paka na lawama dhidi ya mwamuzi wa mechi ya Jumamosi. Mhakiki anaweza kuyaruka. Swali ni kama ana haki ya kuyaruka, na kwa maoni yetu hilo ni swali la maadili kabla halijawa la ujumi.

Ili mjadala usielee hewani, tumchukulie mchongaji kijana wa Tabaka, wa kubuni, lakini mwenye kufanana na wengi. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni ambayo wanunuzi wa nje huyajua kwa jina la mawe ya Kisii. Wanaume hulitoa jiwe machimboni, hulipunguza kwa panga na kulitia umbo kwa kisu na tupa. Kisha, kwa desturi ya mahali hapo, wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya maji, hulikausha, na kulipaka rangi au nta hadi ling'ae. Kijana wetu huchonga viboko, tembo, mabakuli na vipande vya sataranji. Katika simu yake hutuma picha za viboko hao. Hutuma pia vipande vya filamu za kigeni zilizotiwa maneno na DJ Afro, na kila wikendi hupiga kelele za Shabana, klabu ya Kisii iliyorejea katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya kuikosa kwa miaka 17. Zaidi ya yote hutuma picha za paka mwenye mabaka anayependa kulala juu ya gunia la vumbi la mawe. Kuhusu dhamira ya uchongaji wake, mwaka mzima hasemi neno.

Sasa aje mwanafunzi wa uzamili na daftari lake. Atamwuliza: kiboko huyu anawakilisha nini? Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo mbele ya mgeni aliyesoma, atatoa jibu: anawakilisha amani, umoja na utamaduni wetu. Tasnifu itajengwa juu ya jibu hilo la adabu, itatetewa, itajaliwa ngozi nyeusi na herufi za dhahabu. Paka atabaki nje ya maktaba. Mwandishi wa makala haya amesoma tasnifu za namna hiyo kwa miaka mingi, na haoni kwamba kosa ni la wanafunzi.

Chimbuko lake ni namna tulivyojifunza kuhakiki. Kizazi cha miaka ya sabini kilikuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba sanaa za Kiafrika hazikuwa vitu vya kuchezea watalii wala masalia ya watu wa kale. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* (1976), walitufundisha kuiona sanaa ndani ya maisha ya jamii inayoizaa. Fundisho hilo lilikuwa la lazima, na bado tunaliafiki. Lakini katika mikono ya warithi wake liligeuka kuwa ukaguzi wa mizigo: kila kazi ifunguliwe, ujumbe utolewe, upimwe uzito. Kitu kisichobeba ujumbe kikaonekana hakina chochote. Msanii mwenyewe akatakiwa awe mwalimu saa zote ishirini na nne, kana kwamba mwalimu hafugi kuku.

Inashangaza kwamba hali imekuwa hivyo katika fasihi yenye Muyaka wa Haji. Mshairi huyu wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, anakumbukwa kwa mashairi ya siasa yaliyojibizana na Lamu wakati wa vita vya Wamazrui na Wabusaidi. Lakini anakumbukwa vilevile kwa beti zinazohusu nyumba, chakula, fedha, majirani na mambo mengine ya mitaani. Mohamed Hassan Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, alieleza kwamba kwa Muyaka ushairi ulitoka msikitini ukaingia sokoni. Kauli hiyo tumeirudia madarasani kiasi cha kuisahau maana yake. Sokoni kuna nini? Kuna bei, mzaha, samaki, mbuzi aliyefungwa kamba, na mtu anayesimulia ugomvi wa jana. Muyaka hakwenda sokoni kutafuta ishara za jambo jingine. Alivutiwa na vya sokoni. Na tunazo beti zake kwa sababu kuna watu waliovutiwa naye: Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuziandika na kuzifafanua mwishoni mwa karne ya 19, hata William Hichens akaweza kuchapisha diwani mwaka 1940. Angekuwa Sikujua na kipimo chetu cha ujumbe, huenda angehifadhi beti za vita tu.

Hata hivyo, hatutaki kusema kwamba kila kitu kidogo ni kikubwa. Tunachodai ni kwamba ukubwa na udogo haumo ndani ya kitu chenyewe. Mfano ulio karibu ni ng'ombe. Mgeni akimwona mchungaji wa Nyamira akimpiga picha ng'ombe wake pembezoni mwa shamba la chai, atadhani ni upuuzi wa ujana. Lakini katika historia ya Abagusii, ng'ombe ndiye aliyeoa, ndiye aliyelipa deni, ndiye aliyepatanisha. Kambi za ng'ombe, ebisarate, zilikuwa malezi ya vijana waliolinda mifugo kabla utawala wa Kiingereza haujazivunja, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908 iliyokuja kuwatiisha watu wa nchi hiyo iliteka ng'ombe kwa maelfu, maana mtawala alielewa vizuri mahali pa kupiga. Hata sauti ya obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho ngurumo yake humtambulisha Mgusii popote alipo, hutoka katika bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Kijana anayemsifu fahali wake simuni hafanyi jambo geni; amebadilisha chombo tu. Tofauti ni kwamba wahenga wake walipomsifu ng'ombe tuliliita jambo hilo fasihi simulizi.

Inafaa hapa kumsikiliza mwanafalsafa ambaye, ingawa hakuijua nchi hii, alilitafakari suala letu kwa undani. Iris Murdoch, katika *The Sovereignty of Good* (1970), anaeleza jinsi mtu aliyejaa hasira na kinyongo, akitazama nje dirishani, anavyoweza kumwona ndege wa jamii ya kozi akielea hewani. Na kwa muda ule kinyongo kinatoweka, hapabaki ila ndege. Anaporudi kuwaza lile lililokuwa likimuudhi, anaona limepungua uzito. Kwa Murdoch, tukio hilo dogo ni la kimaadili kabisa, kwa kuwa adui mkubwa wa wema ni nafsi inayojitazama yenyewe bila kukoma, na chochote kinachoivuta nafsi itazame nje kinaitengeneza. Kant, mwaka 1790, alikuwa amekwisha kusema kwamba hukumu ya uzuri haitokani na tamaa ya kukimiliki kitu; Murdoch analitia wazo hilo damu na manyoya. Tukikubaliana naye, paka wa Tabaka anapata hadhi mpya. Mchongaji anapoacha kisu amtazame, kisha akataka na wengine wamtazame, anafanya zoezi lile lile ambalo sanaa yake inalihitaji: kutazama kitu kilivyo.

Lakini Murdoch hatoshi, kwa sababu kozi wake hakuwa na soko wala watazamaji. Kozi alielea, mtu mmoja akamwona, basi. Msanii wetu hupenda mbele ya watu, na kupenda mbele ya watu kuna majaribu yake. Kwa hiyo kipimo tunachopendekeza ni hiki: je, kitu kinachopendwa kinaachiwa kimfundishe na kumrekebisha anayekipenda, au kimegeuzwa ngazi ya kumpandisha? Tukijaribu kipimo hicho katika mifano mitatu ya Kisii na Nyamira tutaona kinatufikisha wapi.

Mfano wa kwanza ni kiboko wa jiwe. Miongoni mwa koo za Abagusii wapo wanaojitambulisha kwa wanyama, na kiboko ni mmoja wa wanyama hao, kama alivyo chui. Mtu angetarajia kwamba kiboko anayechongwa Tabaka ni matunda ya uhusiano huo wa kale. Ukweli ni kwamba wengi wao huchongwa kwa sababu duka la Nairobi au la ng'ambo limewaagiza, kwa ukubwa na rangi iliyotajwa. Nchi ya Kisii ni ya milima iliyolimwa karibu kila mahali. Tembo hawatembei humo, na anayetaka kumwona twiga hana budi kwenda mbali, kwa mfano katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay. Mchongaji basi humwiga mnyama kutoka kwa sanamu ya mchongaji mwingine. Mnyama mwenyewe hana nafasi ya kumsahihisha. Hatumlaumu, ada ya shule hailipwi kwa ujumi. Ila tunaona jambo la ajabu: katika simu yake, mnyama wa heshima, anayeitwa utamaduni, hakutazamwa, na mnyama wa mzaha, asiyeitwa chochote, ndiye aliyetazamwa kwa makini, kwa miezi, akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, akiwa na watoto. Mhakiki anayeandika juu ya kiboko na kumwacha paka amechagua vibaya hata kwa vigezo vyake mwenyewe vya uhalisia.

Pengine itadaiwa kwamba mchongaji wa biashara si msanii. Sitaki kuingia katika mabishano hayo ya zamani, lakini ipo kazi ya Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesoma Makerere na baadaye Kanada. Mchongo wake wa ndege uko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na mwaka 2014, katika tamasha la Smithsonian mjini Washington, lililokuwa na Kenya miongoni mwa wageni wake, alichonga tembo mbele ya wapita njia. Ndege wake hawana hesabu ya manyoya; wana uzito na mkunjo wa shingo ambao mtu haupati katika sanamu ya mwenziwe. Amewarudia na kuwarudia. Ukirudia kitu kwa sababu kimeagizwa, kila nakala hufanana na iliyotangulia. Ukikirudia kwa sababu hujamaliza kukitazama, nakala hutofautiana. Mtu aliyezoea rafu za vinyago huona tofauti hiyo kwa macho, bila nadharia.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Christopher Mosioma, anayejulikana kwa jina la kisanii la Embarambamba, ni mwimbaji wa nyimbo za injili kutoka Nyamira ambaye tangu miaka ya mwanzo ya muongo huu amepata umaarufu mkubwa kwa video anazojigaragaza matopeni, anaparamia miti na kujirusha mashambani huku akiimba. Wasomi wengi humcheka, na wapo wanaoona haya wakiulizwa juu yake na wenzao wa mikoa mingine. Binafsi naona kwamba katika video za mwanzo kulikuwa na kitu cha kweli. Tope ni tope la kwao, mgomba ni mgomba wa kwao, na mwili ulikuwa ukiyapokea kwa furaha ambayo haikuomba ruhusa ya mtu mwenye viatu. Hapa kuna upendo wa mahali ambao shairi la kusifu mandhari, lenye vilima vya kijani kibichi na upepo mwanana, halijawahi kunifikishia. Lakini mtazamaji wa mtandaoni hulipa mshangao, na mshangao wa jana haulipwi leo. Lazima mti uwe mrefu zaidi. Machi 2025 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilimchukulia hatua kuhusu nyimbo zilizodaiwa kuvuka mipaka ya heshima, naye akaomba radhi hadharani. Mjadala wa wakati ule ulihusu adabu, na adabu ni jambo la kuzungumzwa. Lililopotea katika mjadala ni swali jingine: ni lini tope liliacha kuwa tope likawa jukwaa? Swali hilo halijibiwi na bodi yoyote. Linajibiwa kwa kuzitazama video moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa miaka, kazi ambayo idara za fasihi zingeweza kuifanya na bado hazijaiona kuwa yao.

Mfano wa tatu ni ushabiki wa mpira, nao hautuchukulii muda mrefu. Shabiki wa Shabana aliyekwenda Gusii Stadium katika miaka yote ile timu ilipokuwa nje ya Ligi Kuu amekwisha kufaulu mtihani wetu. Timu haikumpandisha popote.

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kupuuzwa. Litasemwa: machimbo ya Tabaka yana vumbi linaloingia vifuani mwa watu, kuta za mashimo huporomoka, mwanamke anayesugua jiwe majini kutwa hupata sehemu ndogo mno ya bei atakayoitoa mtalii, na madalali hugawana iliyobaki. Katika hali hiyo, msanii anayeonyesha paka anaificha dhuluma, na mhakiki anayemsifu anashirikiana naye. Pingamizi hili lina nguvu, na anayelitoa mara nyingi ana moyo safi kuliko anayelijibu. Jibu letu ni la sehemu mbili, na sehemu ya pili haiko imara kama ya kwanza. Kwanza, kumdai maskini awe na huzuni muda wote ili tuamini umaskini wake ni kumnyang'anya hata kile ambacho dalali hajakichukua. Tajiri akifuga paka hatumwulizi kama amekwisha kutatua matatizo ya tabaka lake. Pili, tunaamini kwamba jicho lililozoea kumwona mnyama mmoja jinsi alivyo lina uwezekano mkubwa wa kumwona pia mwanamke aliye mtoni. Tunaamini, hatuwezi kuthibitisha. Historia ina watu waliowapenda mbwa wao kwa dhati na kuwatendea binadamu unyama, na nadharia ya Murdoch haina la kuwafanya watu hao. Huenda kupenda mambo madogo ni mlango tu, na wapo wanaosimama mlangoni maisha yao yote.

Limebaki jambo linalomtenga mnyama na vipendwa vingine. Filamu haiumii ikichekwa. Timu ina viongozi wa kuisemea. Ng'ombe anayelazimishwa kusimama kwa miguu miwili ili watu wacheke, au mbwa anayevishwa miwani na kutishwa hadi ageuke kamerani, hawezi kukataa, wala hajui kwamba ameonwa na maelfu. Montaigne, katika insha zake za 1580, alijiuliza kama anapocheza na paka wake si paka anayecheza naye. Swali hilo lina uzito kwa sababu linampa paka nafasi ya kuwa na shauri lake. Picha ya mnyama inayompa nafasi hiyo hutambulika: mpigaji amengoja, mnyama anafanya shughuli zake, na mara nyingi picha haikukaa sawa. Pale mnyama anapofanyishwa, picha huwa safi mno. Wachungaji wa zamani walijua kwamba fahali ana hiari yake, na nadhani ndiyo sababu walimsifu kwa jina lake badala ya kumchezesha.

Kwa mwanafunzi anayekusudia kwenda Tabaka au Nyamira, haya yana matokeo ya kiutendaji. Maswali ya hojaji yatalazimika kupangwa upya. Muda wa ukusanyaji data hauwezi kuwa wiki mbili za likizo, kwa sababu mapenzi ya mtu hayaonekani kwa wiki mbili. Idhini ya msanii itahitajika kwa picha za nyumbani kama inavyohitajika kwa kazi zake. Na itabidi mtu azihifadhi picha hizo mahali, maana simu huanguka majini na akaunti hufungwa, wala mchongaji hana Mwalimu Sikujua wake. Akishafika, aache kiboko kwanza. Aulize paka anaitwa nani, alitoka wapi, na nani humlisha machimbo yakifungwa kwa mvua. Akiambiwa kwamba paka hana jina, aandike hivyo hivyo.